Kilikufuata Wewe, Kikamkuta Baba

Munuki, Juba
9 Machi 2024

Mdogo wangu Pitia,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Night amepona malaria na amerudi shule. Anasema mwambie mjomba paka amezaa chini ya kitanda chake, watoto wanne, mmoja hana mkia. Shemeji yako bado yuko Torit na kazi zake za ujenzi. Joto limezidi, wingu hatulioni, na maji ya kununua yamekuwa ya kugombania kwa sababu malori yamepungua mtaani. Lako, kwa mfano, liko kituoni kwa askari, kioo kimepasuka, na watoto wanapanda na kushuka kwenye tangi.

Salamu zimeishia hapo.

Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yako imezimwa tangu siku ile. Naandika Kiswahili chetu cha Kitale tulikokulia kwa sababu siku hizi boma letu lina wageni wengi wanaopenda kujua ninachoandika. Falhado mwenye duka la jumla mtaa wa Hai Mauna ameniambia kwamba kaka yake, Mahat, alikuona Arua, Uganda, kwenye gereji ya rafiki yako Edrine, umevaa ovaroli kama mtu aliyezaliwa humo. Mahat anasafiri na lori la bidhaa huko na huku. Atakukabidhi hii mkononi. Usije ukasema hukuipata.

Askari walikuja jioni ile ile. Nilikuwa nakoroga ugali. Wakauliza, "Pitia dereva wa lori la maji yuko wapi?" Nikasema hajarudi. Wakamwona Baba ameketi chini ya rakuba, kile kibanda chetu cha kivuli, anapanguza redio yake. "Huyu mzee ni nani wake?" Kabla sijapata uongo wa kusema, Baba akajibu mwenyewe, "Ni mwanangu." Wakamwambia, "Basi, mzee, vaa viatu."

Na akavaa, Pitia. Aliinama akafunga kamba polepole, akakaza, akajifuta magoti. Nilipiga kelele mpaka majirani wakajaa. Askari mmoja akaniambia hawana ugomvi na mzee. Siku dereva akija, mzee atatoka saa hiyo hiyo.

Mpaka leo yuko ndani. Analala sakafuni pamoja na vijana wezi wa pikipiki. Ana miaka sitini na tisa na presha.

Mtoto uliyemgonga aliitwa Nyapal. Alikuwa na miaka sita. Nakuandikia jina lake kwa sababu sidhani kama ulingoja kuliuliza.

Rudi.

Dada yako,
Helen


Arua
2 Aprili 2024

Dada Helen,

Nimepokea barua yako, na salamu zako nazirudisha mara mbili. Mwambie Night yule asiye na mkia ni wangu, asimgawe. Huku mvua imeanza vizuri. Edrine na mkewe wananitunza, muhogo na samaki havikosekani, ila mgongo unanisumbua kwa kulala chini ya magari mchana kutwa.

Habari ya Baba imenikata maini. Lakini, dada, tufikiri kwa utulivu. Hawawezi kumshikilia mzee wa watu asiye na kosa. Sheria hairuhusu. Nenda kwa chifu, nenda kwa wazee wa kanisa, wamweleze mkuu wa kituo. Mimi nikitokea huko sasa hivi, wakati hasira bado zinafuka moshi, sitamsaidia mtu.

Kuhusu siku ile sina mengi. Nilikuwa narudi nyuma na lori kwenye kile kichochoro cha karibu na kisima kibovu. Nikasikia kishindo. Ajali haina kinga, dada. Imetokea. Edrine aliendesha malori mpaka ndani ya Kongo, naye ananiambia kila jioni, "Pitia, hiyo ni consequence ya kazi ya barabara. Ukishika usukani miaka mingi, iko siku itakukuta." Sikuwahi kulifikiria neno hilo kabla, lakini sasa nalishikilia. Linanipa usingizi kidogo.

Mwambie Baba anielewe.

Ndugu yako,
Pitia

Usimtaje Edrine kwa mtu yeyote.


Munuki, Juba
28 Aprili 2024

Pitia,

Sote tu wazima isipokuwa yule unayemjua. Mvua imefika. Bati la jikoni linavuja na hakuna mwanamume wa kupanda juu. Barua yako ilichelewa kwa sababu lori la Mahat lilikaa mpakani, na laiti lingekaa huko huko.

Unalala! Neno moja la Kiingereza linakupa usingizi! Mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza katika nyumba hii, darasa la nane, watoto sabini kwenye chumba kimoja, kwa hiyo ngoja nikuamshe.

Hilo neno lako si mvua inayomnyeshea yeyote. Nimelisaka katika kamusi kubwa ya ofisini. Limetoka kwa Warumi. Mwanzo wake maana yake ni "pamoja", na mwili wake maana yake ni "kufuata". Consequence ni kile kinachofuatana na kitendo bila kuachana nacho, mguu kwa mguu, kama mbwa na mwenye mbwa. Kutoka katika shina hilo hilo Waingereza wamepata neno la kufukuza mtu na neno la kumshtaki mtu mahakamani, yote ni kufuata tu. Hata wanapohesabu, wa pili wao jina lake limetoka hapo, kwa sababu anamfuata wa kwanza. Nani wa kwanza hapa, Pitia? Ni nani aliyekuwa kwenye usukani?

Kiswahili ndicho kilichokudekeza. Sisi tunasema "matokeo", na kinachotoka huweza kutoka kikaenda zake, kama ulivyotoka wewe ukaenda zako. Tunasema "imetokea", na sentensi nzima haina mtu ndani yake. Nakuuliza nani alifanya, unanijibu imetokea.

Na kuna jambo la pili, ambalo limenifanya niifunge kamusi kwa nguvu mpaka mwalimu mkuu akaniangalia. Kwa Kiingereza, mtu mzito, mtu wa maana, huitwa mtu wa consequence. Na kitu cha bure kisichohesabika wanasema hakina consequence. Umeelewa? Anayestahili kufuatwa na jambo ndiye mwenye uzito. Wewe ulimwacha mtoto kwenye tope kama kitu ambacho nyuma yake hakuna kitakachofuata.

Jumamosi nilimpelekea Baba chakula. Tunaruhusiwa kuongea kupitia kidirisha chenye nondo. Nikamsomea barua yako, sikuficha hata mstari.

Akauliza, "Hilo neno la Edrine maana yake nini?"

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akafuta midomo kwa kiganja.

"Kwa hiyo lilikuwa linamfuata Pitia?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi limepotea njia," akasema, "limeingia kwangu."

Wale vijana wezi wakacheka. Baba naye akacheka. Mimi sikucheka, na sitasahau.

Kwa chifu nimekwenda. Kwa wazee wa kanisa nimekwenda. Wote wanauliza swali moja tu, dereva yuko wapi, na jibu lake umelificha wewe ndani ya ovaroli.

Helen


Arua
25 Mei 2024

Mwalimu Helen,

Salamu. Natumaini bati limepata fundi. Mimi sijambo, ingawa sioni kama unataka kujua.

Nimesoma somo lako lote. Asante. Sasa nisome na mimi.

Wewe hukuwepo. Ulikuwa darasani na chaki yako. Je, uliliona lori? Umeandika kioo kimepasuka. Unadhani kilipasuliwa na nini? Watu walikuwa wameanza kutoka majumbani, mmoja ana jiwe, mwingine ana mchi. Umesahau yule dereva wa raksha, ile bajaji ya magurudumu matatu, mwaka juzi? Aligonga mtu, akasimama kama mwungwana, akaomba msamaha, na watu wakampiga mpaka akafa amekumbatia usukani. Mkewe sasa anauza mkaa. Ulitaka uuze mkaa, dada? Ulitaka Baba anizike?

Nilishuka, nikatazama. Mtoto alikuwa ameshakufa. Hakukuwa na kitu cha kufanya. Kwa aliyekufa ningefanya nini zaidi ya kufa naye? Nikapanda, nikaondoka, nikaliacha lori karibu na sokoni, nikatembea. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Sikuomba Baba afunge viatu. Angeweza kusema simjui. Angeweza kusema nimekwenda Yei. Mzee ana kiburi chake, na wewe unanilaumu mimi kwa kiburi chake.

Usiniandikie tena mambo ya Warumi.

Pitia


Munuki, Juba
16 Juni 2024

Pitia,

Sitakusalimu. Night anakusalimu, yeye ni mtoto.

Juma lililopita Baba alianguka. Walimpeleka hospitali akiwa amefungwa pingu mkono mmoja kwenye kitanda, askari ameketi pembeni anakula karanga. Daktari alisema presha, akampa vidonge, akasema alale mahali pakavu. Siku ya tatu wakamrudisha kwenye sakafu ile ile. Nimemwambia mkuu wa kituo kwamba mzee akifia mle ndani, nitamlaza mlangoni kwake. Akanijibu kwa Kiarabu cha Juba kwamba nimlaumu ndugu yangu, si yeye. Nilimtukana. Lakini njiani nilipokuwa narudi niliona kwamba katika hilo moja tulikuwa pamoja.

Sasa sikiliza.

Jumanne, nimeketi naosha vyombo, akaingia mwanamke mrefu, amejifunga laua, ile shuka ya bega moja, nyeusi, hana viatu vya kueleweka. Nilimjua. Anauza chai karibu na stendi ya boda boda, jina lake Nyakuoth, mama yake Nyapal. Nikadhani amekuja kupigana. Nikasimama na sufuria mkononi. Yeye akaketi chini, kwenye udongo, nikaona aibu, nikamletea kiti, hakukikalia.

Anajua Kiswahili cha Kakuma, alikaa kambini miaka mingi. Mumewe yuko Bentiu, barabara imekatwa na mafuriko, hajaja hata kumzika mwanawe. Aliyepo ni shemeji tu, na shemeji anazungumzia dia, fidia ya damu, anataka ng'ombe.

Akaniambia, "Mimi sitaki ng'ombe. Nikiita Nyapal, ng'ombe itaitika?"

Kisha akaendelea:

"Na sitaki baba yako. Mimi nilienda polisi kusema atoke, wakasema ngoja dereva. Mzee huyo hajaua mtu. Mimi naona anakonda, nasikia vibaya."

Nikamwambia dereva ni mdogo wangu. Akasema anajua. Nikamwambia uliandika kwamba mtoto alikufa hapo hapo, kwamba hapakuwa na la kufanya. Pitia, nilisema hivyo ili nimpoze. Nilidhani ni faraja.

Akainua uso. "Nani amesema?"

"Yeye."

"Hapana," akasema. "Mimi nilifika, nikamuinua, alikuwa anaongea. Aliniambia, 'Mama, kiatu yangu iko wapi?' Tukapanda raksha. Njiani aliuliza tena kiatu. Karibu na hospitali ndiyo akanyamaza."

Nilikaa chini kwenye udongo pamoja naye.

Baadaye akasema, "Mimi niko na swali moja tu kwa huyo dereva. Alimwangalia mtoto yangu, ama hakumwangalia? Watu wanasema lori ilisimama. Kama alishuka, nataka kujua aliona nini. Mimi nilichelewa kufika. Hiyo dakika sijui. Yeye peke yake ndiyo anajua."

Kwa hiyo nakuuliza mimi kwanza. Uliposhuka, macho ya mtoto yalikuwa yamefumbwa au yamefumbuliwa? Usiniletee mawe. Mawe nayaamini. Ninajua watu wa mtaa huu, na labda mimi pia ningekimbia, ningekimbia mpaka kituo cha polisi, nikajifungia mle ndani, nikawaambia kuna mtoto barabarani. Ulipita mbele ya kituo, Pitia. Huwezi kufika sokoni bila kukipita.

Jibu hilo tu.

Helen


Munuki, Juba
14 Julai 2024

Pitia,

Mahat amerudi mikono mitupu. Anasema barua yangu uliisoma umesimama, ukaikunja, ukaiweka kifuani, na kesho yake hukuonekana. Edrine hajui ulikokwenda, au anajifanya. Sijui hii niipeleke wapi. Nitaiacha dukani kwa Falhado, ikae na magunia ya sukari.

Umekimbia tena. Nimekuuliza swali la macho ya mtoto na umekimbia swali. Kampala? Kigali? Nenda. Nenda mpaka uishiwe na nchi. Nimekulea baada ya Mama kufa, nimekubeba mgongoni Kitale tukienda kuchota maji, nimekupigania shuleni, na leo sioni mahali ninapoweza kusimama nikasema huyu ni wetu. Jana Night aliuliza utarudi lini. Nikamwambia sina ndugu. Mtoto akalia na mimi nikamwacha alie.

Baba nimemwambia pia kwamba umetoweka. Amegeuka ukutani.

Hii siitii sahihi.


Kituoni, Juba
3 Agosti 2024

Dada Helen,

Nakuandikia kwenye karatasi niliyopewa na askari. Naomba unisalimie Night. Nakula, sijapigwa.

Barua uliyoiacha dukani Falhado ameniletea. Sikukimbia swali. Nilitoka Arua nikaenda mpaka mpakani, upande wa Uganda, nikakaa hapo karibu wiki tatu. Kila asubuhi nilibeba mfuko wangu nikakaribia Nimule, nikarudi. Nilikuwa napakua mizigo ya wenye malori ili nile. Siku niliyovuka haikuwa tofauti na nyingine. Nilichoka tu kurudi nyuma, nikaja moja kwa moja hapa kituoni.

Umekuja juzi kumchukua Baba na hukuniangalia. Nilikuwa benchi la pili, umepita karibu mpaka nguo yako imenigusa. Sikulaumu. Baba alisimama mbele yangu muda, nikadhani atanipiga, nikataka anipige. Ameniambia, "Umekonda." Kisha ukamshika mkono mkaondoka.

Jana Nyakuoth alikuja. Alikaa ng'ambo ya nondo, askari yuko katikati. Hakusalimu, akauliza kama ulivyosema atauliza. Nami nimemjibu, na sasa nakujibu wewe. Mtoto alikuwa amefumbua macho. Nilishuka, nikazunguka nyuma, nikamwona amelala ubavu, ananitazama. Hakulia. Alinyoosha mkono kidogo kama mtoto anayetaka kuinuliwa. Nikasikia watu, nikapanda. Sikuona amekufa. Niliandika hivyo kwa sababu nilikuwa nimeshajiambia mara nyingi mpaka nikaona ni kweli.

Askari akaanza kumwambia yule mama ainuke. Akasema, "Ngoja." Kisha akaniuliza, "Mkono gani?"

Nikasema, "Huu, wa kushoto."

Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ndiyo. Alikuwa anatumia hiyo." Akaondoka.

Wanasema kesi itasomwa Jumatano ya tarehe 14. Sina la kuomba. Nilitaka tu ujue nimejibu.

Pitia


Munuki, Juba
11 Agosti 2024

Pitia,

Baba analala sana, anakula kidogo, lakini kikohozi kimepungua. Asubuhi hutoka kukaa juani. Akiulizwa na majirani, anasema mwanangu amerudi, na hasemi zaidi. Shemeji yako amekuja kutoka Torit, amepanda juu kuziba bati.

Nimesoma ulichoandika. Nimekisoma jikoni, nimekisoma shuleni wakati wa mapumziko. Kama ulitaka nikuambie afadhali umesema, sitakuambia. Ungesema Machi, Baba asingejua sakafu ile. Ungemwinua mtoto, labda hospitali ingemkuta yu hai. Labda. Neno hilo sasa ni la Nyakuoth kulala nalo, na wewe ndiye uliyempa. Hasira yangu haijapungua hata kidogo, na usitegemee kwamba itapungua kwa sababu umefungwa.

Nyakuoth nilimkuta jana. Hataki ufungwe maisha na hataki uachiwe. Anataka jaji asikie yale uliyomwambia, kwa mdomo wako, mbele ya watu, bila kupunguza. Shemeji yake ameapa hatakanyaga mahakamani kama hakuna mazungumzo ya ng'ombe, na mumewe bado amezingirwa na maji. Kwa hiyo atakwenda peke yake.

Jumatano ukiingizwa, utageuka kutafuta upande wetu. Baba atakuwepo, na wazee wawili wa kanisa. Mimi usinitafute hapo. Nitakuwa nimekaa upande wa pili na Nyakuoth, kwa sababu hana mtu wa kukaa naye. Utakapofika kwenye ule mkono, nitakuwa nimemshika wake.

Kesi ikiisha, vyovyote itakavyokuwa, jioni nitakuletea kisra, mkate wa mtama, na bamia. Nitaingia mpaka ndani, na nitakuangalia.

Helen